Rampu ya mbao, rampu ya dukani, au jeki na stendi: ulinganisho kwa anayetaka kuingia chini ya gari

Kwa kazi nyingi ndogo za gari, kama vile kumwaga oili ya injini, kubadilisha filta au kukagua bomba la ekzosi, mtu hahitaji zaidi ya sentimita 15 za nafasi ya ziada chini ya gari lake. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayowafanya wengi watazame mbao zilizobaki baada ya ujenzi na kujiuliza kama haziwezi kuwa rampu, yaani kipandio ambacho magurudumu hupandishwa juu yake. Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kulala chali chini ya magari, ni kwamba mbao zinaweza, lakini si kila umbo la rampu ya mbao linafaa, wala si kila kazi inafaa kufanywa gari likiwa juu yake. Ninalinganisha hapa rampu za mbao za aina mbili, rampu za chuma na za plastiki zinazouzwa madukani, pamoja na jeki na stendi zake, nikiwa na jambo moja akilini: mtu aliyelala chini ya gari hana muda wa kukwepa kitu chochote kikienda kombo.

Nguvu ya mbao yenyewe

Hofu ya kwanza ya watu ni kwamba ubao utapondeka chini ya gari. Hesabu haiungi mkono hofu hiyo. Tuchukue gari la kilo 1,500 ambalo asilimia 60 ya uzito wake iko mbele kwa sababu ya injini. Kila gurudumu la mbele litabeba takribani kilo 450. Uzito huo hausimami kwenye nukta moja, kwa kuwa tairi hubonyea na kugusa ubao kwa eneo pana kiasi, na shinikizo katika eneo hilo hukaribiana na shinikizo la upepo uliomo ndani ya tairi, yaani karibu megapaskali 0.22 kwa gari dogo la kawaida. Mbao laini za ujenzi, kama zile za jamii ya msonobari, zikilazwa bapa na kukandamizwa kutoka juu, wahandisi huziruhusu kubeba takribani megapaskali 2.9 hadi 4.3 kutegemea aina ya mti. Tairi, basi, halitumii hata sehemu moja ya kumi ya uwezo ambao ubao unaruhusiwa kutumia kwa usalama.

Hali hubadilika kabisa ubao huohuo ukilazwa juu ya uwazi. Ubao wenye unene wa milimita 38 na upana wa milimita 286, ukiwekwa juu ya miguu miwili iliyoachana kwa sentimita 60 na kubebeshwa kilo 450 katikati, hupata mkazo wa mkunjo wa takribani megapaskali 9.6, ilhali mbao za kawaida za ujenzi mara nyingi huruhusiwa mkunjo wa kati ya megapaskali 6 na 10. Hapo hatujahesabu mshtuko wa gari linalopanda kwa kasi isiyo sawa, wala hatujahesabu kifundo cha tawi kilichoangukia mahali pabaya katika ubao. Ubao uleule, gari lilelile, lakini katika hali moja akiba ya usalama ni zaidi ya mara kumi, na katika hali nyingine akiba hiyo imekwisha kabla gari halijatulia.

Kwa sababu hiyo, ulinganisho wa kwanza haupaswi kuwa kati ya mbao na chuma, bali kati ya rundo na fremu. Kwa rundo ninamaanisha mbao pana zilizolazwa moja juu ya nyingine bila uwazi wowote, kila moja ikiwa fupi kuliko iliyo chini yake, hadi kufikia kimo kinachotakiwa. Kwa fremu ninamaanisha ubao mmoja ulioinamishwa juu ya miguu au juu ya boksi lililo wazi ndani. Fremu huvutia kwa kuwa hutumia mbao chache na hubebeka kwa urahisi, lakini kila kiungo chake ni mahali pa kuvunjikia: miguu hukunjika kuelekea pembeni gari linapokata kona kidogo, misumari iliyopigwa kwenye ncha ya ubao huchomoka kwa kuwa nyuzi za mbao hapo haziishiki sawasawa, na ubao wa juu hupinda kila mara gurudumu linapopita hadi siku moja unapopasuka. Rundo halina miguu ya kukunjika wala uwazi wa kuangukia. Hata likichakaa vibaya, mbao zake hupasuka au kuachana, lakini gari haliwezi kushuka sentimita 15 kwa mpigo mmoja. Fundi stadi anaweza kujenga fremu salama yenye miguu ya karibu karibu na viungo vya boliti. Mimi simshauri mtu asiye na uzoefu huo ajaribu, kwa sababu mbao anazookoa ni chache mno zikilinganishwa na hatari anayonunua.

Kuna sifa nyingine ya mbao ambayo haisemwi vya kutosha. Vikosi vya uokoaji katika nchi nyingi hutumia vipande vya mbao vilivyopangwa kwa kupishana ili kushikilia magari yaliyopinduka na majengo yaliyoporomoka, na moja ya sababu za kuchagua mbao ni kwamba hulia na kubonyea polepole kabla ya kushindwa, hivyo mwokoaji hupata onyo. Matofali ya zege hayana tabia hiyo. Tofali la zege, hasa lenye matundu, linaweza kubeba gari kwa saa nzima na kisha kupasuka kwa kishindo kimoja bila dalili yoyote. Mtu anayechagua kati ya rampu ya mbao na matofali mawili yaliyolazwa chini ya magurudumu hana la kufikiria: matofali yarudi kwenye ujenzi.

Vidato na mteremko

Hadi hapa rundo la mbao limeonekana kushinda, lakini lina udhaifu mmoja ambao rampu nzuri za dukani hazina. Rundo kwa kawaida huwa na umbo la ngazi, na gurudumu hupanda ngazi kwa shida kuliko linavyopanda mteremko. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, kama lingekuwa gumu kama jiwe, lingehitaji nguvu ya mlalo inayozidi nusu ya uzito lililobeba ili kupanda kidato cha milimita 38, ilhali kwenye mteremko wa nyuzi 15 nguvu inayohitajika ni zaidi kidogo ya robo ya uzito huo. Tairi lenye upepo hubonyea na kupunguza tofauti hiyo, lakini haliiondoi. Matokeo yake ni kwamba dereva hukanyaga mafuta zaidi, gari hupanda kwa kurukaruka, na mguu unaochelewa kutoka kwenye kanyagio kwenye kidato cha mwisho unaweza kulivusha gari hadi upande wa pili wa rampu.

Dawa yake ipo. Ukingo wa mbele wa kila ubao ukatwe kwa mshazari wa nyuzi 45, na kila kidato kiwe na kina cha sentimita 25 hivi, ili tairi lipate kutulia kabla ya kukutana na ubao unaofuata. Rundo la mbao nne zenye unene wa milimita 38, zilizokatwa kwa urefu wa sentimita 120, 95, 70 na 45, hutoa kimo cha sentimita 15.2 na mwinuko wa wastani wa nyuzi 11 na nusu. Mwinuko huo ni mpole kuliko wa rampu nyingi fupi za chuma, na hapa mbao zinarudisha heshima yao: mwenye gari la chini, ambaye bampa lake hugonga rampu ya dukani kabla tairi halijaigusa, anaweza kurefusha mbao zake kadiri anavyotaka.

Sehemu bapa ya juu

Jambo ninalolitazama kwanza kwenye rampu yoyote, iwe ya mbao au ya kiwandani, ni urefu wa sehemu yake bapa ya juu. Watu wengi hudhani kwamba gari lililoinuliwa mbele daima linataka kurudi nyuma kwa sababu limeinama. Sivyo ilivyo. Magurudumu ya mbele yakiwa yamesimama kwenye sehemu iliyo bapa kabisa, na ya nyuma yakiwa kwenye sakafu tambarare, uzito wote unashuka wima na hakuna nguvu inayolivuta gari upande wowote, ingawa bodi lake limeinama. Lakini magurudumu hayohayo yakiachwa kwenye mteremko wa nyuzi 15, pengine kwa sababu dereva aliogopa kumalizia kupanda, gari tulilolichukua kama mfano litasukumwa kurudi nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takribani kilo 240, na nguvu hiyo haichoki wakati wewe uko chini. Breki ya mkono inaweza kuishinda, lakini kwa nini uitegemee breki kwa jambo ambalo umbo la rampu lingelimaliza?

Sehemu bapa ya sentimita 45 katika vipimo nilivyotaja inatosha gurudumu la gari dogo likae kwa utulivu na kuacha nafasi ya kizuizi mbele yake. Kizuizi hicho, ambacho ni kipande cha mbao kilicholazwa kwa upana kwenye ncha ya mwisho, kazi yake ni kumwambia dereva kwamba amefika. Hakijawekwa kulizuia gari linaloendeshwa kwa nguvu, kwa sababu kizuizi cha sentimita 5 kinaweza kupandwa na gurudumu kwa kukanyaga mafuta kidogo tu. Kifungwe kwa boliti zinazopita hadi chini, kwa kuwa kizuizi cha misumari hung'oka siku ileile kinapohitajika. Rampu nyingi za plastiki na baadhi ya za chuma zina kibonde juu badala ya ubapa, na kibonde ni bora kuliko kizuizi, kwa sababu gurudumu lililotulia ndani yake linapaswa kupanda kidogo ili litoke upande wowote. Katika hilo rampu za dukani zinastahili alama kamili.

Kuteleza

Ajali za rampu zinaweza kutokea hata kabla mtu hajaingia chini ya gari, wakati rampu inapokimbia. Ile nguvu ya mlalo inayohitajika kupanda haipotei; inaisukuma rampu. Ikiwa magurudumu yanayopanda hayaendeshwi na injini, rampu husukumwa mbele juu ya sakafu kama sanduku. Ikiwa ndiyo yanayoendeshwa, kama ilivyo kwa magari mengi madogo ya siku hizi, dereva akikanyaga mafuta kwa ghafla tairi linaweza kuivuta rampu na kuirusha nyuma chini ya gari. Niliwahi kuona rampu za chuma zisizo na kasoro yoyote ya kulehemu zikisukumwa juu ya sakafu ya zege iliyopakwa rangi hadi zikagota ukutani, na gari halikuwa limepanda hata sentimita moja. Nguvu ya chuma haikuwa na msaada wowote katika jambo lile.

Chuma kwenye zege laini ndicho kinachoteleza zaidi, hasa rampu zilizotengenezwa kwa vyuma vya pembe ambazo hugusa sakafu kwa kingo nyembamba. Plastiki huja na vipande vya mpira chini yake, navyo husaidia vikiwa safi, lakini hupoteza mshiko sakafu ikiwa na vumbi au oili. Rundo la mbao lina faida mbili: linagusa sakafu kwa upana wake wote, na ni zito, kwani kwa vipimo vile kila rampu itakuwa na uzito wa karibu kilo 18. Hata hivyo, ubao mkavu juu ya sakafu yenye vumbi huteleza vilevile, kwa hiyo gundisha mpira chini yake. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kulaza mkeka mrefu wa mpira ambao rampu inasimama juu yake, na ambao unarudi nyuma kiasi kwamba tairi linakuwa limeukanyaga kabla ya kuanza kupanda; uzito wa gari lenyewe unaubana mkeka, na mkeka unaishika rampu.

Sakafu yenyewe inahukumu aina zote. Juu ya changarawe au udongo, rampu ya plastiki haifai kabisa, kwa sababu imebuniwa kukaa juu ya sakafu ngumu iliyosawazishwa, na jiwe moja lililo chini yake huikunja mahali ambapo haikutengenezwa kukunjwa. Miguu myembamba ya rampu za chuma huzama kwenye udongo, na hata kwenye lami iliyolainishwa na jua kali. Mbao hustahimili zaidi, lakini nazo huinama upande mmoja ardhi ikitoa, na rampu iliyoinama pembeni ni sababu tosha ya kulishusha gari na kutafuta mahali pengine.

Rampu za dukani

Faida kubwa ya rampu iliyonunuliwa ni kwamba kuna mtu aliyeipima kabla yako. Nchini Marekani kiwango kiitwacho ASME PASE kinahusu vifaa vya kuinulia na kushikilia magari, zikiwemo jeki, stendi na rampu, na mtengenezaji anayedai kukifuata amekubali kupimwa kwa masharti yanayojulikana. Rampu yako ya mbao haina cheti hicho, na ni haki kusema hivyo waziwazi. Lakini namba iliyoandikwa kwenye rampu ya dukani inahitaji kusomwa kwa makini. Mara nyingi huwa ni uzito wa gari zima ambalo jozi ya rampu inaweza kulihudumia, wala si uzito ambao kila rampu inaweza kuubeba peke yake; anayesoma namba hiyo vibaya anaweza kulipandisha gari zito maradufu ya linaloruhusiwa huku akidhani yuko salama.

Tena, kutengenezwa kiwandani hakumaanishi kutokuwa na kasoro. Mwaka 2020 nchini Marekani stendi za jeki za muuzaji mmoja mkubwa zilirudishwa kwa sababu jino linaloshikilia nguzo liliweza kuachia gari likiwa juu, na miezi michache baadaye baadhi ya stendi zilizotolewa kama mbadala nazo zikarudishwa kwa kasoro za kulehemu. Ninataja jambo hilo kwa sababu anayenunua anapaswa kukagua kifaa chake kwa macho yaleyale ambayo angekagulia mbao zake.

Kati ya chuma na plastiki, plastiki ni nyepesi, haipati kutu na mteremko wake ni laini, lakini jua la miaka huifanya iwe kavu na ya kuvunjika, na baridi kali huongeza tabia hiyo. Ikivunjika, huvunjika ghafla. Chuma hupinda kabla ya kukatika, jambo ambalo ni jema kwa usalama, lakini kutu iliyojificha ndani ya mabomba haionekani kwa nje. Rampu za chuma zilizolehemiwa nyumbani au na fundi wa mtaani ninaziweka chini ya rundo la mbao kwa usalama, isipokuwa kama unamjua mlehemu na kazi yake, kwa kuwa mshono mbaya wa kulehemu unaweza kuwa na sura nzuri kabisa.

Jeki na stendi

Jeki ni ya kuinua na stendi ni ya kushikilia. Jeki ya haidroliki hutegemea mpira mmoja mdogo ndani ya silinda usipitishe oili, na mpira huo ukichoka gari hushuka polepole au kwa ghafla. Hakuna kazi fupi kiasi cha kuhalalisha kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Stendi, zikiwekwa chini ya sehemu za bodi zilizoimarishwa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, ndicho kifaa kinachofaa kwa kila kazi inayohitaji gurudumu litoke: breki, shokabu, beringi, ekseli.

Ugumu wa stendi uko katika kuzifikia. Gari lazima liinuliwe kwanza, na wakati wa kuinua ndipo linapoweza kutoka kwenye jeki. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu, na katika gari ambalo injini huendesha magurudumu ya nyuma, gia nayo hushika magurudumu hayohayo. Ukiinua nyuma ya gari la namna hiyo, hakuna kitu hata kimoja kinachozuia magurudumu ya mbele kujiviringia. Kabari za magurudumu si hiari hapo. Rampu haina hatari hiyo ya kutafuta mahali pa kuinulia, kwa kuwa gari hubaki limesimama kwa miguu yake yenyewe.

Na hapo pana faida moja ya rampu ambayo mafundi huithamini na wanaojifunza huikosa. Kwa kuwa gari lililo juu ya rampu limelalia springi zake kama linavyolala barabarani, boliti zinazopita kwenye bushi za mpira za suspensheni zinaweza kukazwa zikiwa katika pembe sahihi. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia juu ya stendi, gari likishuka mpira wa bushi hubaki umesokoteka daima na huchanika mapema. Kazi hiyo ifanywe kwenye rampu.

Kinyume chake, kazi ya kuangalia kiwango cha oili ya gia ni mbaya kwenye rampu mbili, kwa sababu gari lenye umbali wa mita 2.6 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma huinama kwa zaidi kidogo ya nyuzi 3 likiinuliwa sentimita 15 mbele, na kiwango utakachosoma hakitakuwa cha kweli. Oili ya injini imwagwe juu ya rampu, lakini kipimo chake kisomwe gari likiwa limeshuka. Na kamwe usiinue kwa jeki gari ambalo tayari liko juu ya rampu ili upate nafasi zaidi; magurudumu yaliyobaki juu ya rampu yatakuwa yanashikilia uzito ambao sasa unahama.

Nani achague nini

Mtu ambaye kazi zake ni kumwaga oili, kukagua uvujaji na kubadilisha filta mara chache kwa mwaka, na ambaye ana mbao nzuri na zana za kuzikata sawasawa, anaweza kuchagua rundo la mbao bila kuona kwamba amejishusha. Ikiwa gari lake liko chini sana, rundo huenda likamfaa kuliko rampu nyingi za dukani. Asiye na msumeno mzuri wala subira ya kuchagua mbao, na mwenye sakafu ya zege iliyo safi, anunue rampu za plastiki au za chuma zenye namba ya uzito anayoielewa. Anayekusudia kugusa breki au suspensheni atahitaji jeki na stendi hata kama ana rampu, na kama uwezo wake unaruhusu kununua seti moja tu ya vifaa, basi stendi imara na jeki ya kutambaa, yenye magurudumu, zinafanya kazi nyingi zaidi. Mwenye gari kubwa la mizigo aachane na rampu za mbao za vipimo nilivyovitaja. Zilikusudiwa gari dogo, na hesabu niliyoifanya ni ya gari dogo.

Ukiamua kutengeneza za mbao

Upana ndio ambao watu hubania. Tairi la milimita 205 juu ya ubao wa milimita 235 huacha milimita 15 tu kila upande, ilhali juu ya ubao wa milimita 286 huacha milimita 40, na tofauti hiyo ndiyo nafasi yako ya kukosea usukani. Chagua mbao zilizokauka, zilizonyooka, zisizo na nyufa zinazopita kutoka uso mmoja hadi mwingine wala vifundo vikubwa. Mbao za unga wa mbao zilizoshindiliwa hazifai hata kidogo, kwa sababu hulainika zikipata maji, na mbao nyembamba za paleti za kubebea mizigo hazina unene wala historia unayoijua.

Kila ubao ugundishwe na kufungwa kwa skrubu kwenye ulio chini yake, vichwa vikizama ndani ya mbao. Kisha boliti mbili zenye unene wa milimita 10 au 12, zenye washa pana, zipite rundo zima kwenye sehemu ya juu, nazo vichwa vyake vizamishwe ili visiguse tairi. Misumari peke yake haitoshi: kila gurudumu linapopita husogeza mbao kidogo, msumari hupanda taratibu, na mwisho wake hutoboa tairi. Mbao zilizotibiwa kwa dawa yenye shaba hula chuma cha kawaida, kwa hiyo zinahitaji skrubu na boliti zilizopakwa zinki nene kwa kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Mbao zikiendelea kukauka hunywea na boliti hulegea; zikaze tena baada ya miezi ya kwanza.

Kabla mtu yeyote hajaingia chini, lipandishe gari na kulishusha mara kadhaa, madirisha yakiwa wazi ili usikie mbao zikilia, na aliye nje akikuelekeza asimame pembeni, kamwe asisimame mbele ya gari. Liache juu usiku mzima. Siku ya kazi yenyewe, weka breki ya mkono, weka gia, au alama ya kuegesha (P) kama gari ni la otomatiki, bana kabari pande zote mbili za magurudumu yaliyobaki sakafuni, kisha lisukume gari kwa nguvu zako zote kutoka ubavuni na kutoka mbele. Likicheza kwa springi zake tu, ni sawa. Rampu ikisogea, shusha gari. Mimi huweka pia stendi mbili chini ya bodi, zikikaribia kuligusa, kwa sababu zipo na kuziweka ni kazi ya dakika moja, na boliti iliyogoma huvutwa kwa nguvu ambazo huwezi kuzipima mapema.

Rampu za mbao zihifadhiwe pakavu, zikiwa zimesimamishwa juu ya ncha zake ili zisinyonye unyevu wa sakafu, kwani mbao zilizoloa hupoteza karibu theluthi moja ya uwezo wao wa kukandamizwa. Kila unapozitoa, zigonge kwa nyundo na usikilize kama kuna sauti ya uvungu, choma kingo zake kwa bisibisi kutafuta mbao iliyooza, tafuta vumbi la bungua na njia za mchwa, na tazama kama kuna ufa unaofuata mstari wa skrubu. Oili iliyomwagika isuguliwe mara moja, kwa sababu tairi huteleza juu yake siku utakapotaka kupanda tena. Rampu uliyoikataa usiiweke kando ya ukuta ikisubiri matengenezo. Ikate vipande siku hiyohiyo, kwa sababu atakayeiokota hatajua ulichokiona.